Zakayo Alitaja Kiasi: hotuba kwa waandishi wa hadithi za familia, Mombasa

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari yenu: Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie aina moja ya hadithi ambayo wasomaji wa makanisa yetu hapa Pwani hawaichoki: kuna familia yenye siri, kuna mali iliyopotea, siri inafichuka, na mali inapatikana au haipatikani. Nitaanza na Zakayo, maana ukimsoma vizuri utaliona kosa kubwa la hadithi zetu. Zakayo alipoguswa moyo hakuishia kusema kwamba anasikitika. Alitaja kiasi: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemnyang'anya kwa hila, mara nne. Torati ilikuwa na kipimo chake tangu zamani, kwenye Hesabu sura ya 5: mkosaji arudishe alichochukua chote, kisha aongeze sehemu ya tano.

Sasa fungueni miswada yetu. Baba mdogo aliyeuza shamba la yatima analia mbele ya madhabahu, mchungaji anamwekea mikono, kwaya inaanza, sura imekwisha. Shamba lilikuwa ekari ngapi? Liliuzwa mwaka gani, kwa shilingi ngapi, na nani aliweka sahihi? Yatima alirudishiwa nini? Hamna. Msomaji anafunga kitabu akiona yatima yule amedhulumiwa mara mbili, na mara ya pili aliyemdhulumu ni mwandishi.

Basi nililokuja nalo ni hili moja. Toba katika hadithi ya mali lazima ihesabike, nayo haihesabiki ikiwa mwandishi mwenyewe hajui mali ilipitia mikono ya nani.

Dawa yake ni ukurasa mmoja unaoandikwa kabla ya sura ya kwanza, ambao msomaji hatauona kamwe. Uiteni ukurasa wa mali. Andika mali ni nini hasa, kwa kipimo chake: ekari, miche, rupia, shilingi, vyumba. Andika ilitoka wapi kwanza. Kisha teremka mwaka hadi mwaka: nani alikuwa nayo, kwa karatasi gani, na siku gani ilitoka mkononi mwake. Mwisho andika iko wapi leo, siku hadithi inapofunguka. Ukikwama kwenye mwaka wowote, hapo ndipo hadithi yako itakapobomoka, na ni afadhali ibomoke kwenye ukurasa mmoja kuliko kwenye sura ya 19.

Tuchukue mali ya kawaida kabisa ya mji huu: nyumba bila ardhi. Wageni hushangaa wakisikia jambo hili, lakini wa Majengo, wa Kisauni na wa Likoni wanalijua. Nyumba ni yako, yaani kuta, mapaa, milango na vyumba vilivyopangwa pande mbili za ujia na uani nyuma. Ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, wakala wake anakuandikia risiti, na risiti zile ndizo ushahidi wako kwamba una haki ya kuwa pale. Ukiacha kulipa, mwenye ardhi anaweza kukutaka uondoe nyumba yako, na nyumba ya mawe haibebeki kichwani.

Tuseme katika hadithi yako babu alijenga nyumba ya vyumba 6 mwaka 1958. Akafa 1979. Watoto wakakubaliana kwamba kodi ya ardhi, shilingi 45 kwa mwezi, ichangwe na ndugu wote na kupelekwa kwa wakala kule Mwembe Tayari na binti wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikaa nyumbani. Kitabu cha risiti kinakwenda vizuri mpaka Machi 1984, halafu kimya. Februari 1986 mwenye ardhi anawatoa kwa malimbikizo, anauza kiwanja, nyumba inavunjwa. Familia nzima inalelewa na hadithi moja: tulidhulumiwa na mwenye ardhi. Ukweli ni kwamba pesa zilichangwa kila mwezi na hazikufika.

Angalieni jinsi hesabu inavyofanya kazi ya uandishi. Kuanzia Aprili 1984 hadi Januari 1986 ni miezi 22. Mara 45, ni shilingi 990. Nyumba ya vyumba 6, wapangaji, uani ambapo watoto 3 walizaliwa, vyote vilikwenda kwa shilingi 990. Sehemu ya tano ya Torati ni 198, jumla 1,188. Lakini nani hapa atasema deni la shangazi yule ni shilingi 1,188? Je, anadaiwa kodi au anadaiwa nyumba? Hilo ndilo swali la kiroho la kitabu kizima, na lisingezaliwa kama ungeandika tu kwamba "alitumia vibaya pesa za familia".

Hapa Pwani lipo pia jambo la minazi. Kwa desturi mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu anauza shamba lakini minazi 30 inabaki ya nduguye, au anamrithisha binti miti bila udongo. Mwandishi asiyelijua hili huandika mgogoro wa shamba ambao mzee yeyote wa Kaloleni angeutatua kabla chai haijapoa.

Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, ujue mwaka 1908. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka huo iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa Pwani wapeleke madai yao yapimwe na kuandikwa. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Familia ambayo hakuna aliyekwenda ofisini, kwa sababu mkubwa wao alikuwa safarini, au hakusoma, au aliambiwa hakuna haja, iliamka siku moja ikiwa maskwota juu ya makaburi ya babu zake. Mali ikipotea namna hii hakuna haja ya kubuni mwizi. Inatosha kuwa na mtu mmoja aliyeaminiwa apeleke karatasi, asiipeleke.

Pesa taslimu nitazieleza haraka, lakini makosa yake ni ya aibu. Mpaka 1920 huku tulitumia rupia. Ikaja florini kwa muda mfupi, halafu 1921 shilingi ya Afrika Mashariki, rupia 1 ikihesabiwa shilingi 2. Kwa hiyo babu aliyezika rupia 300 mwaka 1915 na kuzisahau hawezi kuzifukua 1930 akaenda nazo dukani. Shilingi ya Kenya ilikuja 1966. Noti ya 500 haikuwapo mpaka 1988, na noti ya 1,000 mpaka 1994. Nimesoma zaidi ya mswada mmoja ambapo mzee aliyefariki katika miaka ya 80 anaacha mabunda ya noti za elfu moja.

Lakini noti ya 1,000 ina zawadi kubwa kwa mwandishi wa leo. Noti zake za zamani zilikoma kuwa pesa halali 30 Septemba 2019, baada ya tangazo la Siku ya Madaraka, 1 Juni, mwaka huohuo lililowapa watu miezi 4 kuzibadilisha. Mjane aliyeficha 400,000 chini ya godoro bila kumwambia mtu, akapata kiharusi Julai akapoteza sauti, amepoteza mali bila mwizi, bila moto, bila mkopo. Binti yake anayefungua godoro Novemba ameshika karatasi 400 zisizonunua hata mkate. Ukiandika tukio hili, liandike kwa karibu. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu: pini iliyofunga noti imeshika kutu na kuacha alama ya kahawia kwenye noti ya juu na ya pili; za pembeni zimeota ukungu na kushikana, ukizibandua zinaacha rangi; na kama sanduku lilikaa sakafuni, mchwa wameanza chini wakipanda juu, wakila katikati na kuacha kingo, mpaka bunda linaonekana zima hadi ulishike. Kasha la bati lenye dawa ya nondo litaokoa nguo, si karatasi. Karatasi huishi kwa muda mrefu kidogo ikifungwa ndani ya Biblia kubwa, ndiyo maana wazee waliweka hati humo.

Akaunti za benki na hisa zilizosahaulika zina njia yake. Tangu sheria ya 2011, benki na kampuni zinapaswa kukabidhi mali isiyodaiwa kwa mamlaka ya serikali inayoitunza, na warithi hudai huko wakiwa na karatasi za usimamizi wa mirathi. Kwa hiyo mhusika anayeingia benki na kitabu cha babu cha 1972, akatoka na mfuko wa pesa siku hiyohiyo, ametoka kwenye sinema. Hapa kwetu atatoka na fomu.

Na hapo tunafika kwenye mirathi, ambapo waandishi wengi huteleza kwa sababu wanaandika walichoona kwenye televisheni: wakili mwenye miwani, familia imeketi kwenye viti vya ngozi, bahasha inafunguliwa. Mombasa siri haikai kwenye bahasha ya wakili. Inakaa kwenye barua ya chifu.

Hebu niieleze, maana ni zana bora mno kwa mwandishi. Mtu akifa bila wosia, wanaoomba usimamizi huenda kwanza kwa chifu, anayeandika barua ya kuwataja walioachwa: mjane au wajane, watoto, umri wao. Barua hiyo na kiapo cha waombaji vinapelekwa mahakamani. Tangazo linatoka kwenye Gazeti rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Pingamizi lisipotokea, usimamizi unatolewa, na baada ya miezi 6 unathibitishwa mali igawanywe. Sasa, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kama baba alimtambua, sheria inamhesabu mtoto kama wengine. Kumwacha nje kunahitaji jambo moja tu: jina lake lisitajwe siku ile kwenye ofisi ya chifu. Mjane ananyamaza. Mtoto mkubwa ananyamaza. Mzee wa mtaa, anayejua, anaangalia miguu yake. Hilo ni tukio la dakika 10, kwenye benchi la mbao, na kitabu kizima kinaweza kusimama juu yake.

Wapo wanaodhani kwamba usimamizi ukishathibitishwa mlango umefungwa. Haujafungwa. Mahakama inaweza kuubatilisha wakati wowote ikithibitika kwamba ulipatikana kwa kuficha jambo la maana. Lakini sheria hiyohiyo humlinda aliyenunua kwa nia njema kabla ya kubatilishwa. Shikeni jambo hili vizuri. Mtoto aliyefichwa anajitokeza baada ya miaka 20, anashinda kesi, na shamba halirudi kwa sababu liko kwa mnunuzi asiye na hatia. Sheria imefika mwisho wake. Kilichobaki ni kaka aliyekula zile pesa na dhamiri yake. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia sura ya toba.

Tarehe pia ziangalieni. Sheria ya Mirathi tuliyonayo ilianza kutumika 1 Julai 1981. Aliyefariki kabla ya hapo, ugawaji wa mali yake hufuata sheria au mila iliyokuwapo siku aliyokufa. Babu yetu wa 1979 yuko upande ule. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wasiopungua 2, na shahidi akiwa ndiye mrithi, alichoachiwa kinabatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine 2 huru zaidi yake. Wosia wa mdomo una nguvu ukisemwa mbele ya mashahidi 2 na msemaji akafa ndani ya miezi 3. Mara ngapi mmesoma bibi anayemnong'onezea mjukuu mmoja usiku, "nyumba ni yako", kisha kitabu kinachukulia kwamba nyumba imekuwa yake? Aliyemnong'onezea ni shahidi mmoja, naye ndiye mrithi. Itumieni hali hiyo kama jeraha: mjukuu anajua alichoambiwa na hana namna ya kukithibitisha.

Nisipite bila kutaja familia zetu zilizochanganyika. Mombasa hii, ukichimba vizazi vitatu, mara nyingi utakuta upande mmoja unakwenda kanisani na mwingine msikitini. Mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mbele ya Kadhi, na kwa sheria hiyo mtoto aliyebatizwa hamrithi baba Mwislamu. Waandishi wetu wengi wakifika hapo humpaka tope ami aliyebaki na mali. Naomba sana muache. Kwanza majirani zetu wanasoma Kiswahili kama sisi. Pili mnapoteza hadithi iliyo bora, maana sheria hiyohiyo inamruhusu mtu kuusia mpaka theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi. Hebu fikirieni familia iliyoamini kwa miaka 50 kwamba babu alimkataa mwanawe kwa sababu ya ubatizo, kisha ikagundulika kwamba aliusia theluthi kwa ajili yake, na ami aliitunza, akapeleka ujumbe mara mbili, na aliyeuzima ujumbe alikuwa mtu wa upande wa kanisa, kwa hofu kwamba kijana angerudi kwao. Siri ya namna hiyo inatuchoma sisi wenyewe, na ndivyo siri ya hadithi ya Kikristo inavyopaswa kuwa.

Siri huacha alama wapi? Kwenye kitabu cha ubatizo, kwanza. Pale pana tarehe, jina, wazazi, wadhamini, na sahihi ya mchungaji. Nafasi ya baba iliyoachwa wazi inasema. Wino tofauti kwenye nafasi hiyo unasema zaidi. Na kwa Wakatoliki kuna pambizo: mtu akifunga ndoa, parokia alikobatizwa huarifiwa na kuandika ndoa hiyo kando ya ubatizo wake. Kwa hiyo binti anayetafuta cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake kwa ajili ya jambo dogo kabisa anaweza kukuta pembeni, kwa mwandiko wa padri wa 1968, ndoa ambayo hakuna aliyewahi kuitaja nyumbani. Lakini angalizo: padri aliyeisikia siri kwenye kitubio hawezi kuidokeza kwa yeyote kwa namna yoyote. Ukimfanya akohoe kwa maana, umeivunja hadithi na umemvunjia padri heshima yake.

Alama ya pili ni simu. Tangu M-Pesa ianze 2007, anayemtumia mtoto wa siri pesa kila tarehe 5 anaacha ujumbe wenye jina kamili. Simu iliyowekwa mezani ichajiwe imefichua mengi kuliko kasha la bati. Ukitaka siri yako idumu bila simu kuimaliza kwenye sura ya pili, iweke hadithi kabla ya 2007, au mfanye mtumaji apeleke kwa mkono, apande matatu mpaka Mazeras kila mwezi, na mke wake aanze kuhesabu Jumamosi.

Wengi wenu mnaandika juu ya Frere Town na Rabai, vituo vyetu vya zamani vya misheni, nami nafurahi. Ila fanyeni hesabu ya vizazi. Kituo cha Frere Town kilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Mtoto aliyefikishwa pale mwaka huo akiwa na miaka 8 alizaliwa 1867. Mtoto wake ni wa 1890 hivi, mjukuu wa 1920, kitukuu wa 1950, na anayefuata wa 1980. Mhusika wako mwenye miaka 30 mwaka 2010 hawezi kuwa na bibi aliyevuka bahari akiwa kwenye jahazi la watumwa. Huyo ni mama wa bibi ya baba yake. Ujumbe huo ungemfikiaje, kupitia midomo mingapi, na nani kati yao aliamua kwamba asili ya Kiyao au Kinyasa isitajwe tena ili watoto waolewe bila maswali? Mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watumwa watoro elfu moja waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni walilipiwa fidia na kupewa hati za uhuru. Hati kama hiyo ndani ya Biblia ya familia ni mali na ni siri kwa pamoja, wala haihitaji dhahabu pembeni yake. Na daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa 1931. Wahusika wako wa 1912 wavushe kwa mashua.

Baada ya ukurasa wa mali, chora ukurasa wa pili: nani anajua nini. Kila mhusika na mstari wake. Anajua nini, tangu mwaka gani, alijuaje, na kwa nini ananyamaza. Safu ya mwisho ndiyo huwa tupu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba mwandishi anamhitaji anyamaze mpaka sura ya 20. Msomaji hulinusa hilo mara moja. Kunyamaza kuwe na sababu ambayo mhusika angeweza kumwambia Mungu bila kuona haya: alimpenda fulani, aliahidi mbele ya kitanda cha mauti, aliogopa mtoto atafukuzwa shule. Ikiwa siri ingekwisha kwa mtu mmoja kuuliza swali moja mezani, andika kwa nini swali haliulizwi. Na kila siri ipandwe mara 3 kabla haijafunuliwa: mara ya kwanza kama kitu, mara ya pili kama ukimya, mara ya tatu kama jambo lisilolingana. Yuda na Tamari walikwisha kutufundisha: muhuri, kamba na fimbo vilitajwa vikitolewa rehani, vikatajwa tena vilipotumwa kwa mwenyewe, naye akavitambua.

Na kwa kuwa nimemtaja Tamari, niseme neno juu ya usafi. Hadithi safi haikosi dhambi ndani yake. Ingekuwa hivyo, Mwanzo sura ya 38 isingekuwamo. Usafi uko kwenye jicho la msimulizi. Usituonyeshe kitanda, tuonyeshe msichana anayepimiwa sare ya kwaya na fundi anayelegeza kiunoni bila kusema kitu. Tumejua yote, na mtoto wa miaka 12 anaweza kusoma ukurasa huo mbele ya nyanya yake.

Tufike kwenye ungamo lenyewe, maana hapa ndipo kalamu huanza kuhubiri. Shangazi wa shilingi 990, katika rasimu ya kwanza, husema: "Mwanangu, nimeibeba siri hii miaka arobaini, sasa nimeokoka, naomba unisamehe." Hayo ni maneno ya jukwaani. Mpeni kazi mikononi. Yuko juu ya mbuzi uani, anakuna nazi, mpwa wake wa kike ameketi karibu na kitabu cha risiti mapajani.

"Shangazi, nazi imekwisha hiyo. Unakuna kifuu."

Machicha kwenye sinia yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia. Hakuacha.

"Ya mwisho hapo ni ya Machi, sivyo?"

"Ya Machi, naam."

"Ya Aprili babako alinipa mkononi. Arobaini na tano. Nilifika mpaka Mwembe Tayari nayo."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda gari la Mazeras. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, na yule mama aliyekuwa akininyonyeshea alikuwa amesema hana pesa ya dawa."

"Mtoto gani, shangazi?"

Angalieni alivyotaja kiasi kabla ya kutaja mtoto. Mtu anayeungama kweli huanza na kile anachoweza kukibeba. Asilie bado, na mpwa asisamehe kwenye ukurasa huohuo. Mpeni sura nzima. Huyu ni binti aliyemwona baba yake akifa akimlaani mtu asiye na hatia; anahitaji kwanza kwenda kumtafuta mwenye ardhi, au watoto wake, na kusema, tuliwasingizia. Hilo nalo ni deni, nalo halimo kwenye zile 990.

Swali la mwisho ninaloulizwa kila mara: je, mali ipatikane? Mimi nina msimamo, nao ni kwamba mali isiwe malipo ya maombi. Kitabu kinachomfanya mhusika afunge siku 3 kisha akute hatimiliki ndani ya mto kinawadanganya wasomaji wetu wengi waliofunga na hawakukuta. Biblia ina njia zote mbili. Yule mwanamke Mshunami, kwenye 2 Wafalme 8, anarudi baada ya miaka 7 kwa Wafilisti, na mfalme anaamuru arudishiwe nyumba na shamba pamoja na mazao yote tangu siku aliyoondoka. Mazao ya miaka 7, yamehesabiwa. Mefiboshethi naye anarudishiwa na mfalme Daudi mashamba ya babu yake Sauli, anasingiziwa na mtumishi wake Siba, ananyang'anywa, na mfalme anapokuja kuamua wagawane nusu kwa nusu anajibu kwamba Siba achukue yote, maana mfalme amerudi salama. Lakini jibu lile lina uzito kwa sababu tunajua alichokiacha: 2 Samweli 9 ilikwisha kututajia mashamba, na watu wa Siba walioyalima, wana 15 na watumishi 20. Mhusika wako akiamua kuachilia, tujue anaachilia ekari ngapi.

Kesho tunaanza saa tatu asubuhi. Kila mmoja aje na ukurasa wa mali wa hadithi yake, upande mmoja wa karatasi, miaka kushoto na majina kulia. Msilete sura ya kwanza. Tutasoma tarakimu kwa sauti, mmoja mmoja, na pale zitakapokataa kulingana ndipo tutakapokaa.